Kabla Kikundi Chenu Hakijapanda Meli

Vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya na watumishi wa ofisi moja katika Lushoto, Soni na Bumbuli huchangishana fedha kwa miezi mingi ili wafunge safari ya pamoja kwenda Unguja, na pengine kuendelea hadi Pemba. Safari ya namna hiyo ina sura ya kitu kimoja machoni pa msafiri, lakini kisheria ni mikataba kadhaa: wa basi, wa meli, wa nyumba ya kulala wageni na wa matembezi. Mwandaaji hupokea kiasi kimoja cha fedha na kuahidi yote kwa mdomo. Siku meli isipong'oa nanga kwa sababu ya upepo, mwenye basi husema yeye alitimiza wajibu wake, mwenye nyumba ya wageni husema vyumba vilikuwa tayari, na mwandaaji husema bahari si yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mlaji anapaswa kuuliza kabla ya kutoa mchango wa kwanza ni hili: safari ikiahirishwa, nani atalipa usiku wa ziada, na nani atarudisha nini? Jibu liandikwe. Karatasi moja yatosha, ikitaja tarehe, jina la chombo cha majini, daraja la tiketi, idadi ya siku za kulala, milo iliyojumuishwa na ile isiyojumuishwa, pamoja na saini za pande mbili. Risiti itolewe kwa kila awamu ya malipo. Mwandaaji akiwa ni mfanyabiashara wa safari za kitalii, anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ile ambayo wengi huiita leseni ya TALA. Ombeni kuiona, wala msione haya. Akiwa ni mwanakikundi mwenzenu anayejitolea tu, hana leseni na hatakuwa nayo, na hapo ni busara zaidi tiketi za meli zinunuliwe moja kwa moja kutoka ofisi ya kampuni ya meli.

Tiketi iwe na jina la msafiri mwenyewe. Nauli ya mkazi ni tofauti na ya mgeni kutoka nje ya nchi, hivyo beba kitambulisho. Watoto nao waandikishwe, hata mchanga anayepakatwa. Jambo hili si urasimu. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, idadi ya waliokuwemo ilizidi mno ile iliyoruhusiwa na haikulingana na orodha ya abiria. Familia nyingi zilibaki bila hata uthibitisho kwamba ndugu yao alipanda. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka.

Tazama miezi hiyo. Upepo wa kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba hivi, na katikati ya kipindi hicho bahari huwa na mawimbi makubwa. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni mpole zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa bahari. Isikilizeni siku mbili kabla ya kuondoka. Aliyewahi kutapika katika kona za Soni akishuka Mombo ajue kwamba mkondo wa Nungwi una kona zake.

Pangeni pia muda kwa uangalifu. Anayetoka Lushoto alfajiri asijiahidi kuiwahi meli ya jioni Dar es Salaam. Mahali pa kulala usiku mmoja pagharimiwe tangu mwanzo. Ni katika haraka ya namna hii ndipo baadhi ya wasafiri hushawishiwa kuvuka kwa mashua au jahazi kutoka Pangani au Kipumbwi, kwa kuwa ni karibu na ni rahisi. Chombo kisicho na cheti cha kubeba abiria, kisicho na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, kisipandwe kwa bei yoyote. Vivyo hivyo meli kubwa: ukiona abiria wamejaa hadi njiani na ngazini, una haki ya kushuka kabla haijaondoka.

Wakati wa kurudi, mizigo hukaguliwa bandarini. Televisheni au jokofu lililonunuliwa Unguja kwa bei nafuu laweza kudaiwa ushuru, kwa hiyo tunza risiti ya duka na uliza kabla ya kununua.

Malalamiko kuhusu huduma ya meli hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha TASAC kwa Tanzania Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Ya basi ni ya LATRA. Tangazo la safari lililopotosha laweza kufikishwa Tume ya Ushindani. Kote huko utaulizwa tiketi, hivyo usiitupe ukishafika Mombo.