Kadi Ipo, Gemu Haiioni

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika Arua na Koboko zimewahi kuwa na mmiliki mwingine. Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre zilizostaafu maofisini ng'ambo hushushwa Kampala, hupakiwa basi kwa safari ya karibu kilomita 500 hadi Arua, na nyingine huendelea mpaka Koboko na vijiji vya Abuku. Kwa kuchapa barua au kutunza hesabu za duka ni mashine nzuri. Shida huanza kijana wa nyumbani anapotaka kucheza mpira au GTA. Anatafuta kadi ya grafiki ya mtumba, anaichomeka, kisha moja kati ya mambo mawili hutokea: gemu inadai haioni kadi yoyote ya maana, au inaiona lakini picha inakwama-kwama hadi mchezo unakosa raha.

Hapo ndipo fedha hupotea. Mwenye mashine huamua kuwa kadi ni mbovu, hununua nyingine, na tatizo hubaki palepale. Kabla ya kutoa hata shilingi, jibu maswali mawili kwa mpangilio huu: ni kifaa gani hasa kinachochora picha? Na picha ikikwama, kifaa hicho kinangoja nini? Usiruke la kwanza, maana unaweza kuhangaika wiki nzima na kadi ambayo haijapewa kazi yoyote.

Nani anachora?

Prosesa nyingi za Intel zina kichora picha kidogo ndani yake. Kinatosha kwa filamu na kazi za ofisi, lakini hakina kumbukumbu yake chenyewe. Huazima RAM ya kompyuta. Ukiongeza kadi, mashine inakuwa na wachoraji wawili, na gemu inaweza kuangukia kwa yule dhaifu.

Kwenye kompyuta ya mezani anza kwa kutazama nyuma ya kasha. Kuna tundu la skrini la ubao mama, jirani na matundu ya USB, na kuna matundu ya kadi yenyewe, chini kidogo. Waya wa skrini ukichomekwa kwenye tundu la ubao mama, kwa kawaida mchoraji atakuwa Intel hata kama umeweka kadi ya bei kubwa. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu skrini nyingi za mtumba zina VGA tu, na kadi za miaka ya karibuni hazina tundu hilo. Ukiwa na kadi kama GT 1030 au GTX 1050 Ti, kile kiunganishi kidogo cha plastiki cha kutoka DVI kwenda VGA hakitakusaidia, kwani DVI ya kadi hizo haitoi mawimbi ya analogi. Unahitaji adapta yenye saketi ndani, inayogeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA.

Kwenye laptopu yenye kadi mbili, waya hauhusiki. Anayeamua ni Windows. Fungua Settings, ingia System, kisha Display, kisha Graphics. Ongeza faili la gemu na ulichagulie High performance. Katika laptopu nyingi picha iliyochorwa na kadi kubwa bado hupitia kwa Intel ndipo ifike kwenye skrini, kwa hiyo usishtuke ukiona jina la Intel ndani ya gemu. Ushahidi wa kuaminika uko kwenye Task Manager, sehemu ya Performance: acha gemu icheze, kisha tazama ni GPU ipi, yaani mchoraji yupi, inayopanda. Windows 10 imekuwa na kipimo hicho tangu mwishoni mwa 2017.

Ikiwa kadi haipandi kabisa, nenda Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta maneno Microsoft Basic Display Adapter, Windows inajua kuna kitu cha kuchorea lakini haina draiva yake. Ukikuta jina la kadi likiwa na alama ya njano na Code 43, Windows imeisimamisha kadi baada ya kupokea taarifa ya hitilafu. Ondoa draiva yote, weka safi, na kosa likirudi shuku kadi yenyewe. Usipoiona kadi hata kidogo, achana na programu. Zima, chomoa umeme, toa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, rudisha mpaka kishikizo kibane.

Draiva nazo zina umri wake. Kadi za NVIDIA za familia ya Fermi, yaani GTX 400 na 500, ziliacha kupata draiva za magemu mapya 2018. Kepler, ambazo ni GTX 600 na sehemu kubwa ya 700, zilifuata 2021. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Maxwell na Pascal, zikiwemo hizo GT 1030 na GTX 1050 Ti. Kadi haifi siku hiyo. Inabaki na draiva yake ya mwisho, na magemu ya zamani huendelea kucheza vizuri. Ila ukilazimisha draiva mpya isiyoitambua kadi yako, utarudi kwenye Basic Display Adapter.

Kuna pia kadi zinazosema uongo. Kadi ya Fermi hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti, kisha huuzwa kwa bei ya hiyo. Inawaka, inaonyesha desktopu, lakini draiva ya kweli ikiwekwa mambo huharibika. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Hata kadi halali zina mtego wake: GT 1030 ilitoka kwanza na kumbukumbu ya GDDR5, baadaye ikaja yenye DDR4 kwa jina lilelile. Ya kwanza hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili chini ya 17. Kasha linafanana, gemu haifanani.

Kadi inakula nini?

Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 zisizozidi. Kadi inayotaka zaidi hupewa waya wake kutoka kwenye pawa saplai: wenye pini 6 huongeza wati 75, wenye pini 8 wati 150. OptiPlex nyembamba za maofisini huwa na pawa saplai ya wati 240 au 255 hivi, na hazina waya huo. Hazipokei hata kadi ya urefu wa kawaida. Zinataka ile fupi. Ndiyo maana GT 1030, inayokula wati 30, hukaa humo kwa amani, GTX 1050 Ti fupi ya wati 75 huwa ndiyo mpaka, na kadi yoyote kubwa zaidi huzima mashine mara tu gemu inapoanza kazi nzito.

Kwetu swali la umeme haliishii ndani ya kasha. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa West Nile uliishi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta za mafuta za Arua na kituo cha umeme wa maji cha Nyagak cha megawati 3.5, kilichoanza kazi 2012. Gridi ya taifa ilitufikia 2024. Walio mbali na nguzo bado wanatumia sola na inveta. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huupokea kwa mlio, au hukata kabisa kadi inapoomba nguvu kwa ghafla. Kompyuta inayojizima katikati ya mechi ikiwa kwenye inveta, lakini hucheza vizuri ikiwa kwenye umeme wa gridi, haina kadi mbovu.

Mwenye laptopu aangalie chaja. Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya kadi kwa makusudi. Na baadhi ya laptopu, Dell hasa, zikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa hata kama taa ya chaja inawaka. Chaja ya kuiga inaweza kuifanya gemu iende kwa kasi ya konokono, na lawama zote zikaangukia kadi.

Kinangojwa nini?

Sasa tuseme kadi inaonekana, inafanya kazi, lakini picha inakwama. Wachezaji hupenda kutaja fremu kwa sekunde, na namba hiyo hudanganya. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Chukua sekunde moja ambamo fremu 49 zilitoka kila moja kwa milisekunde 16, na moja ya mwisho ikachelewa milisekunde 216. Jumla ni fremu 50, namba nzuri kabisa, lakini jicho limeona mpira ukisimama hewani. Ni kama foleni ya bomba la kisima: bomba linaweza kutoa maji mengi kwa saa, lakini mtu mmoja mbele akisahau mfuniko wa mtungi, wote nyuma yake wanasimama. Kukinunulia kisima bomba kubwa hakumharakishi mtu huyo.

Kwa hiyo tazama picha inakwama lini, kwa maana wakati wenyewe hutaja mkosaji.

Ikikwama unapoingia mtaa mpya au uwanja mpya, na taa ya diski inawaka bila kupumzika, gemu inangoja diski. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kumi na kitu kulifikia kila faili. SSD ya kawaida hufanya hivyo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde moja. Kwa mashine za mtumba, hakuna badiliko la bei ndogo linalohisiwa haraka kuliko kuhamia SSD.

Ikienda vizuri dakika kumi za mwanzo kisha ikachoka, ni joto. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa GTX 10 huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83 za Selsiasi. Kiangazi cha Desemba hadi Machi hewa ya chumba tayari ni moto, na kasha lililokaa karibu na barabara ya murramu huwa limejaa vumbi jekundu kwenye feni. Lisafishe kwa brashi laini au hewa ya kupuliza huku ukizuia feni isizunguke, na girisi ya prosesa iliyokauka ibadilishwe.

Ikikwama ovyo muda wote, angalia RAM. Gigabaiti 4 hazitoshi Windows ya leo na gemu kwa pamoja. Kinachokosa nafasi husukumwa kwenye diski, na tunarudi kwenye ungojaji ule ule. Vijiti viwili vya gigabaiti 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, hasa kwa asiye na kadi, kwa sababu vikiwekwa kwenye matundu sahihi hupitisha data kwa njia mbili.

Ikikwama mara ya kwanza tu kila kitu kipya kinapotokea, mlipuko au moshi, halafu mara ya pili ikapita salama, draiva inatayarisha vijiprogramu vya kuchorea. Kukwama huko huisha kwenyewe ukicheza. Usifute kumbukumbu ya vijiprogramu hivyo kila siku kwa programu za usafi.

Gemu yenyewe inapokosea kuhesabu

Wakati mwingine mashine haina kosa. GTA IV, iliyofika kwenye kompyuta Desemba 2008, hupima kumbukumbu ya kadi kabla ya kukuruhusu kuchagua ubora wa picha. Ikikosea kipimo, hukufungia machaguo na kukuacha na picha hafifu kwenye kadi yenye uwezo mara nyingi zaidi ya ule uliohitajika. Dawa yake inajulikana: unatengeneza faili ya maandishi iitwayo commandline.txt ndani ya folda ya gemu, unaandika -norestrictions na -nomemrestrict, kila moja mstari wake. Kisha ukae na busara, kwani kizuizi kikiondolewa hakuna atakayekuonya ukiomba kupita kiasi. Kukwama kwa gemu hiyo kumepungua kwa wengi waliotumia DXVK, inayotafsiri amri za Direct3D 9 kwenda Vulkan, mradi kadi na draiva vinaielewa Vulkan.

Hata kwa gemu nyingine, usiache fremu ziende bila kikomo. Kadi inayoyumba kati ya 35 na 60 huonekana mbaya kuliko iliyofungwa kwenye 30 tulivu, na iliyofungwa hutoa joto dogo na hunyonya umeme mdogo kutoka kwenye betri ya sola.

Kabla hujalipa

Ukienda kununua kadi ya mtumba, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Fungua GPU-Z usome jina, aina ya kumbukumbu na ukubwa wake. Acha gemu icheze dakika ishirini huku ukifuatilia joto, maana kadi nyingi mbovu huvumilia tano tu. Soma lebo ya pawa saplai yako nyumbani, pima urefu wa nafasi ndani ya kasha, na uandike tundu la skrini yako ni la aina gani. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekwisha kukujibu. Na ikiwa kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka na kijiti kimoja cha RAM, fedha ulizotenga kwa kadi zipeleke huko kwanza. Huenda ukagundua kuwa kadi uliyo nayo ilikuwa ikingoja wenzake tu.