Intaneti inaamuliwa wapi, na raia anaingilia mlango gani?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, rezo ilikatika Kongo yote. Haikuwa mega zimekwisha. WhatsApp kimya, na baadaye hata ujumbe mfupi wa simu ukawa hauendi. Mshauri mmoja wa Rais alieleza kwamba serkali ilitaka kuzuia matokeo ya uongo kusambaa na kuleta fujo. Ilidumu siku 20 hivi. Wakati ule ule Ebola ilikuwa ingali inaua watu Beni na Butembo, na kila familia ilikuwa na haja ya habari.

Tangu siku zile wakaaji wengi wanajiuliza: nani ana haki ya kuamua hivyo? Na raia wa kawaida anaweza kusema neno lake wapi?

Intaneti haina mwenyewe mmoja

Hakuna ofisi moja duniani inayoongoza intaneti yote. Nyaya na minara, sehemu kubwa, ni ya kampuni. Sheria za kila nchi ni za serkali. Majina ya tovuti, hata yale yanayomalizika kwa .cd ya Kongo, yanaratibiwa na ICANN, shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1998. Namba ambazo mashine zinatumia ili kutambuana zinagawiwa Afrika na AFRINIC, yenye makao yake Morisi.

Mambo hayo yanaonekana ya mbali, kumbe yanatugusa. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021, mtafiti mmoja wa usalama kutoka Sweden alieleza alichogundua: jina moja la intaneti lililosaidia kuelekeza watu kwenye tovuti za .cd lilikuwa limekwisha muda, na yeyote angeweza kulinunua. Alilinunua yeye mwenyewe kabla ya mwizi, kisha akaarifu wahusika. Bila hivyo, wengi waliotafuta tovuti za Kongo wangeweza kupelekwa kwenye kurasa za uongo. Aliyeona shimo hilo hakuwa serkali wala kampuni ya simu.

Kiti cha raia kimeandikwa

Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkuu juu ya jamii ya habari mara mbili: Geneva mwaka wa 2003, na Tunis mwaka wa 2005. Geneva, mashirika ya raia yaliona sauti yao haikusikilizwa vya kutosha, yakatoa tangazo lao wenyewe. Tunis, nchi zilikubaliana kwa maandishi kwamba uongozi wa intaneti ni kazi ya serkali, ya kampuni na ya mashirika ya raia, kila mmoja kwa nafasi yake. Kwa hiyo, raia anapoketi kwenye meza hiyo, hajaombewa huruma. Kiti ni chake.

Kutoka Tunis kulizaliwa Jukwaa la Uongozi wa Intaneti, linalojulikana kama IGF. Lilikutana mara ya kwanza Athens mwaka wa 2006. Limefika Nairobi mwaka wa 2011 na Addis Ababa mwaka wa 2022.

IGF haipigi kura, wala haitungi sheria. Sasa faida yake nini? Ni kwamba waziri, mkubwa wa kampuni na mtetezi wa haki wanakaa chumba kimoja, na swali linaulizwa mbele ya watu wote. Mashariki ya Kongo haikukosekana: Arsène Tungali, mmoja wa waanzilishi wa shirika Rudi International la Goma, alikuwa katika kamati ya washauri inayotayarisha mikutano hiyo.

Maneno yanazaa nini?

Yanazaa polepole. Mwaka wa 2016, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani kukata intaneti kwa makusudi. Mwaka wa 2019, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliandika katika kanuni zake kwamba serkali haipaswi kufungia watu intaneti. Kongo ilikatwa ingawa azimio la 2016 lilikuwepo, kwa sababu azimio halina polisi.

Lakini karatasi hizo zinampa raia mahali pa kushikia. Togo ilikata intaneti mwaka wa 2017 wakati wa maandamano. Mashirika ya raia yalipeleka serkali mbele ya Mahakama ya ECOWAS, na tarehe 25 Juni 2020 mahakama ilisema kukata kule kulivunja haki, ikaamuru walioshitaki walipwe fidia.

Hata hapa nyumbani sauti imewahi kusikika. Kodi ya RAM, iliyokuwa inakula yunite za watu tangu mwaka wa 2020, ilipingwa na raia, ikajadiliwa bungeni, na mwaka wa 2022 ikaondolewa.

Njia ni ndefu, lakini mlango uko wazi

Vizuizi ni vingi. Kingereza kinatawala mikutano. Viza na tikiti ni feza nyingi. Kuna vijiji ambako kupata umeme wa kuchaji simu ni kazi ya siku nzima. Ndiyo maana wanaosema kwa jina la Kongo mara nyingi ni watu wa miji mikubwa.

Hata hivyo, IGF inaweza kufuatwa kwa intaneti, bila kulipa. ICANN inapokea maoni ya mtu yeyote kabla ya kubadili kanuni zake, na ina msaada wa safari kwa wageni wanaochaguliwa. Karibu zaidi, kuna Sheria ya Dijitali ya Kongo ya Machi 2023, ambayo mashirika ya raia ya jimbo yanaweza kusoma na kuuliza wabunge wao juu yake.

Na kuna kazi ambayo haihitaji viza: kuweka ushahidi. Rezo ikikatika, andika tarehe, saa, mtaa na kampuni. Programu ya bure OONI Probe inapima kwa simu kama tovuti imefungwa. Neno "walitukatia" linakanwa kwa urahisi. Daftari lenye tarehe na saa kutoka Uvira, Beni na Bunia, zikilingana, ni vigumu kulikana, iwe Kinshasa au Geneva.