Lumumba Vea: Shabiki aliyejigeuza sanamu akawapita nyota wa mpira

Katika CAN iliyochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026, mara nyingi kamera ziliwaacha wachezaji na kumtafuta mtu mmoja jukwaani. Hakupiga ngoma, hakuimba. Alisimama tu.

Huyo ni Michel Kuka Mboladinga, shabiki wa Leopards anayeitwa Lumumba Vea. Alivaa suti, tai na miwani, nywele akazitengeneza kama za Patrice Lumumba, kisha akainua mkono wa kuume, kiganja wazi, na kubaki hivyo mchezo mzima. Ni mkao wa sanamu ya Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa.

Mkao huo una uzito wake. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 akiwa na miaka 35. Mwili wake uliyeyushwa kwa asidi. Lilibaki jino moja, ambalo polisi mmoja wa Ubelgiji alilichukua kwao. Lilirudishwa Juni 2022, likazikwa palepale Limete. Kwa hiyo shabiki huyo alimwazima mwili mtu ambaye wauaji hawakutaka awe hata na kaburi.

Lakini umaarufu wa siku hizi unakimbia kuliko historia. Wengi duniani walimjua Lumumba Vea kwenye simu kabla ya kumjua Lumumba mwenyewe. Hilo lilionekana Rabat tarehe 6 Januari 2026, Algeria ilipoitoa Congo 1-0 katika muda wa nyongeza. Mchezaji wa Algeria, Mohamed Amoura, aliiga mkao ule, kisha akajiangusha chini. Kwake ulikuwa utani. Wakongomani wengi waliona marehemu wao anachekwa. Amoura aliomba msamaha, akisema hakujua maana ya ishara hiyo.

Kwa wakaaji wa Bwegera na tambarare yote ya Ruzizi, picha hizo zilikuja wakati mgumu. M23 waliingia Uvira tarehe 10 Desemba, siku 13 kabla ya Leopards kucheza mchezo wao wa kwanza na Benin. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia Burundi, na magodoro kichwani. Kule Rabat, mtu alisimama bila kutikisika kwa jina la yule aliyedai Congo moja isiyogawanyika.

Kusimama kwake hakukumrudisha mtu yeyote nyumbani. Ila nyota wengi hutaka watazamwe wao wenyewe. Huyu alipata sifa kwa kuwafanya watu waulize juu ya mwingine. Kombe limekwisha, na sifa za simu hupoa upesi. Mtoto wa Bwegera akiinua mkono hivyo katika michezo yake, mkubwa aliye karibu amweleze huo ni mkono wa nani, na kwa nini hana kaburi la kawaida.