Chombo cha Muziki Kinaponyamaza

Idhaa ya Kisomali ya BBC ilipoanza kutangaza mwaka 1957, msikilizaji wa Garissa, Wajir au Mandera hakuhitaji neno la siri ili aipate, kwa kuwa mawimbi ya masafa mafupi yalimfikia kila mwenye redio na betri, awe mjini au malishoni na ngamia wake. Chombo cha muziki cha siku hizi, kinachovuta nyimbo, mawaidha na kisomo cha Kurani kutoka kwenye intaneti, hakipati kitu mpaka kwanza kibishe hodi kwa rauta ya nyumbani, kitaje neno la siri, kisha viwili hivyo viafikiane namna ya kuyasimba mazungumzo yao ili mpita njia asiyafahamu. Kinaponyamaza, aghalabu si spika iliyokufa wala si bando iliyokwisha, bali ni maafikiano hayo yaliyovunjika, nayo yaweza kutengenezwa nyumbani pasipo kuiondoa siri yenyewe.

Usimbaji wa kwanza, WEP, ulitoka mwaka 1997, na kufikia mwaka 2001 wataalamu walikwisha kudhihirisha udhaifu wake. Ndipo ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Kwa hiyo chombo kikongwe, kama vile Squeezebox ya kwanza ya mwaka 2003, huijua WEP peke yake, ilhali rauta mpya imekwisha kuiacha. Na chombo cha miaka ya kati hushindwa pale rauta inapodai WPA3 tu. Dawa ya hiki cha pili ni nyepesi: ingia katika mipangilio ya rauta, uchague WPA2 pamoja na usimbaji wa AES, ambayo vyombo vingi vya leo huikubali.

Chombo kikikuambia kuwa neno la siri si sahihi, geuza rauta usome kibandiko chake taratibu, maana herufi kubwa na ndogo hazilingani, na sifuri hufanana mno na herufi O. Neno la WPA2 lina herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63, na nafasi moja iliyoachwa mwishoni kwa bahati mbaya yatosha kulibatilisha.

Ikiwa jina la mtandao halionekani kabisa, huenda rauta inatangaza kwa gigahezi 5 ilhali chombo kinasikia 2.4 pekee. Au huenda kasoro iko kwenye chaneli, jambo lenye uzito kwetu, ambao jamaa zetu walioko Minneapolis hututumia zawadi za vyombo: kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huenda kisione chaneli ya 12 wala ya 13, hivyo iweke rauta kwenye 1, 6 au 11. Tena usiifiche rauta nyuma ya kabati la chuma, wala usiiweke dirishani kwenye jua kali la Garissa.

Huweza kutokea pia kwamba chombo kimeunganika, wala hakuna sauti. Fungua ukurasa wa mipangilio ya mtandao katika chombo uitazame anwani yake. Ikianza na 169.254, rauta haikukipa anwani, na chombo kimejibunia yake. Hali hii hutokea mara nyingi umeme unaporejea baada ya kukatika, kwa sababu chombo huamka upesi kabla rauta haijawa tayari. Zima vyote viwili, uwashe rauta kwanza, usubiri dakika chache mpaka taa zake zitulie, ndipo uwashe chombo.

Wako wanaokata tamaa wakaufungua mtandao uwe wazi kwa wote. Jambo hili nalikataza kwa dhati, kwani kwa mtandao huohuo watu wa nyumbani hutuma barua na picha zao na watoto husoma masomo yao, na bando inayolipiwa kwa taabu huliwa na wasiohusika. Chombo kisichojua ila WEP, kama kina tundu la waya wa mtandao, kiunganishe kwa waya. Kama hakina, simu yaweza kukipa sauti kwa waya, ikiwa kina tundu la kuipokea. Na kabla jamaa hajakununulia kingine, mwulize kama chajua WPA2. Swali hilo moja litawaepusha na hasara nyote wawili.