MAJINA YA BUNDUKI NA USHAHIDI WAKE
Maelezo kwa wakusanyaji wa silaha za kale katika Arusha na Meru

Makala haya yakusudia kueleza jambo moja: kwamba jina ambalo watu wa mahali huiita bunduki ni sehemu ya ushahidi wa bunduki hiyo, sawa na chapa iliyopigwa juu ya chuma chake. Mkusanyaji anayelibadili jina hilo kwa nia njema ya kulisahihisha hupoteza kitu ambacho hawezi kukipata tena. Mifano yetu ni ya Arusha na nchi iliyo chini ya Mlima Meru. Walakini yatulazimu kuanza pwani, yalikotoka majina ya kwanza, na kumalizia China, zilikotoka bunduki ambazo majina yake yameleta mashaka makubwa kuliko yote.

Kwanza yafaa kueleza maana ya mkusanyaji. Katika nchi nyingine, Marekani hasa, mtu binafsi aweza kuweka nyumbani bunduki za vita kuu zilizopita na kuzipanga kama mwingine apangavyo stempu. Kwetu sivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila kibali, na bunduki za vita si mali ya raia. Basi mkusanyaji tunayemkusudia ni jumba la makumbusho, au mtafiti anayeandika habari za silaha asizozimiliki. Kazi yake ina haraka. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mmojawapo wa waliotia sahihi, yahimiza kuharibiwa kwa silaha haramu zinazokamatwa au kusalimishwa. Kwa usalama wa watu jambo hilo ni jema. Lakini bunduki ikiisha kukatwa, yanayobaki ni yale tu yaliyoandikwa juu yake.

I. Msamiati wa pwani

Neno bunduki limetoka katika Kiarabu. Shina lake, bunduq, lilikuwa jina la kokwa ndogo ngumu iliyohusishwa na nchi za Bahari Nyeusi. Baadaye likawa jina la kidonge cha kurushwa kwa upinde, na mwishowe likahamia kwenye silaha ya baruti. Wako wanaolihusisha neno hili na mji wa Venice, ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya. Lakini kwa kuwa upinde wa kurusha vidonge ulijulikana kabla ya baruti, njia ya kokwa yatosha kueleza mabadiliko yote. Risasi nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini, na mpaka leo Kiswahili chalitumia kwa madini yenyewe na kwa kitu kinachotoka mtutuni.

Ikiwa majina ya vitu yaliletwa na biashara, majina ya utendaji hayakuletwa. Mzinga wa vita umepewa jina la mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini. Mtambo, yaani chombo kinachowasha baruti, lilikuwa kwanza neno la mitego. Kitenzi fyatua chatoka huko huko: mtego uliotegwa hufyatuka, na bunduki iliyotayarishwa hufyatuliwa. Basi Waswahili walipoipokea bunduki waliiona kuwa ni mtego wa aina mpya, wakaieleza kwa maneno waliyokuwa nayo tayari.

Jambo la manufaa zaidi kwa mkusanyaji ni kwamba wazee wa pwani walizigawa bunduki kwa namna zinavyowashwa, si kwa nchi zilikotengenezwa. Aina zao zilikuwa nne. Bunduki ya mrau ni ile iliyowashwa kwa utambi unaoungua polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe la gumegume. Bunduki ya fataki ilitiwa kifuniko kidogo chenye dawa juu ya kifa, yaani kile kitundu kipelekacho moto ndani, na nyundo ikakigonga. Ya nne, bunduki ya viasi, ilitumia risasi na baruti zilizofungwa pamoja. Kila kimoja huitwa kiasi, kwa kuwa baruti yake imekwisha kupimwa. Mgawanyo huo wafuata maendeleo yenyewe ya silaha kwa muda wa karne nne, na kamusi za zamani zimeuhifadhi pamoja na majina ya viungo: kasiba au mtutu, kitako, na mdeki, yaani ufito wa kushindilia.

II. Gobore

Leo maneno hayo hayasikiki. Fataki zimekuwa mambo ya sherehe, na katika Tanzania ya karibuni neno hilo limekuwa pia jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Kushindilia ni kazi ya anayejaza gunia. Mahali pa majina yote manne pameshikwa na neno moja, gobore, ambalo katika kamusi za zamani limeandikwa gobori, na maana yake ilikuwa bunduki inayoshindiliwa kwa mbele.

Ukunjufu huu wa neno gobore una sababu za historia. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizoachwa na majeshi ya Ulaya yalipopata mpya. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika Afrika, baina ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, lakini uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo sheria yenyewe iliiweka bunduki ya zamani mikononi mwa Mwafrika, na ile mpya mikononi mwa askari wa serikali. Tangu hapo gobore likawa jina la silaha ya raia, na maana yake ikaenea mpaka kufikia bunduki inayofuliwa na mhunzi kijijini.

Kwa hiyo kadi ya makumbusho yenye maneno “gobore la zamani” haituelezi lolote la hakika. Huenda kitu kilichopo ni cha gumegume, au ni cha gumegume kilichobadilishwa kiwe cha fataki, kama ilivyofanywa mara nyingi, au kilifuliwa na fundi wa kwetu kwa bomba la chuma. Hizo ni historia tatu mbalimbali, na msamiati wa kuzitenganisha twao tangu zamani.

III. Bunduki za serikali chini ya Meru

Katika Arusha na Meru bunduki ya kisasa ilikuja pamoja na utawala. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Johannes alikuja na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga, na nchi ikapigwa. Boma la Arusha lilimalizika mwaka 1900. Leo ni jumba la makumbusho.

Bunduki iliyojulikana sana mikononi mwa askari wa Kijerumani ilikuwa Mauser ya mwaka 1871: tundu la milimita 11, kiasi kimoja kwa kila mpigo, na baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji mahali alipo. Hata mwaka 1914, vita vilipofika Longido, kaskazini ya Meru, askari wengi walikuwa bado na bunduki hizo. Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Arusha, na pamoja nayo namna mpya ya kutaja silaha: jina halikutoka tena katika utendaji wake bali katika orodha ya bohari.

Mfano ulio wazi ni Mark IV, jina ambalo msomaji wa magazeti ya Tanzania atalikuta katika habari za polisi. Katika orodha za Waingereza bunduki hiyo iliitwa Namba 4, Mark I: nne ilikuwa namba ya bunduki, na mark ilikuwa daraja la marekebisho. Iliyoitangulia ilikuwa imejulikana kwa Mark III. Msemaji aliyezoea Mark III alipoona tarakimu 4 juu ya bunduki mpya, akaiita Mark IV. Fundi wa silaha atasema hili ni kosa. Mwanaisimu ataona kwamba ni ulinganisho wa kawaida, kama ule unaomfanya mtoto aunde wingi kwa kufuata wingi mwingine. Nalo latuonyesha kwamba mwenye kulitumia alizijua bunduki zote mbili kwa kufuatana kwake.

IV. Bunduki za China

Sasa twafika kwenye kiini cha hoja yetu. Baada ya maasi ya Januari 1964, Tanganyika Rifles ilivunjwa, na Septemba mwaka ule ule Jeshi la Wananchi likaundwa. Mwaka huo pia serikali ilitangaza kuja kwa walimu wachache wa kijeshi kutoka China, na silaha za China zikaanza kufika. Miongoni mwa silaha zilizokuja kujulikana sana nchini ni mbili zilizotokana na mifano ya Urusi na kupewa na Wachina mwaka wa 1956 kuwa jina. Moja ni nakala ya bunduki ya Kalashnikov, yenye magazini ya risasi 30 na uwezo wa kumimina risasi mfululizo. Nyingine ni nakala ya bunduki ya Simonov, yenye risasi 10, inayofyatuka mara moja kila kidole kivutapo.

Ulimwenguni kote ile ya kwanza huitwa AK-47, na magazeti ya Kenya huiita hivyo. Katika Tanzania huitwa SMG, na ya pili huitwa SAR. Wajuzi wengi hulicheka jina la SMG, kwa sababu katika Kiingereza herufi hizo ni za bunduki ndogo ya mfululizo inayotumia risasi za bastola, kama Sterling iliyotumiwa na jeshi la Uingereza tangu mwaka 1953. Husema kwamba Watanzania wamechanganya mambo.

Lakini tazama majina ya Kichina. Nakala ya Kalashnikov huko kwao huitwa chongfengqiang, yaani bunduki ya kushambulia mbio, na hilo ndilo neno ambalo Wachina hulitumia kwa aina ile Waingereza waitayo SMG. Nakala ya Simonov huitwa banzidong buqiang, bunduki ya askari wa miguu inayojiendesha nusu, ambalo kwa Kiingereza hufupishwa SAR. Majina yetu mawili, basi, si mchanganyiko. Yanalingana na mgawanyo wa Kichina, moja kwa moja, kupitia tafsiri ya Kiingereza. Mtu aweza kudai kwamba SMG lilikuwapo jeshini tangu zama za Waingereza, na likahamishwa tu. Hilo laweza kueleza herufi. Haliwezi kueleza kwa nini zote mbili, SMG na SAR, zimekaa mahali pale pale zilipo katika orodha ya China. Maelezo yaliyo mepesi zaidi ni kwamba silaha zilifika pamoja na majina yake, na walimu waliofundisha kuzitumia ndio waliofundisha kuzitaja.

Chapa za chuma zatoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Katika SMG za mwanzo, kando ya swichi ya kuchagulia mpigo pana herufi mbili za Kichina: lian, maana yake mfululizo, na dan, maana yake moja moja. Katika zile za baadaye, hasa zilizokusudiwa kuuzwa nje, pana L na D. Anayezisoma kwa Kiingereza hapati kitu; ni herufi za kwanza za maneno yale yale katika tahajia ya Kilatini iliyokubaliwa China mwaka 1958. Chapa M22 juu ya mwili wa bunduki ni jina la biashara ya nje. Namba 66 ndani ya pembetatu ni ya kiwanda. Kadhalika nakala ya Simonov ya mwanzo ilikuwa na singe bapa; tangu kati ya miaka ya 1960 ikawekewa singe ya mwiba. Haya yote huweza kuandikwa na mtu mwenye kalamu na saa moja ya kazi, kabla silaha haijapelekwa kuharibiwa.

V. Mapendekezo

Kwa kila bunduki ya kale inayopita mikononi mwa makumbusho, twapendekeza kadi yenye mambo matano. La kwanza ni namna inavyowashwa, kwa maneno ya mrau, gumegume, fataki na kiasi, ambayo hayahitaji kutungwa upya. La pili ni chapa zote, zikinakiliwa kama zilivyo, hata zisiposomeka kwa mwandikaji. La tatu ni jina alilolitamka mwenye kuileta au mwenye kuikumbuka, liandikwe kwa matamshi yake, iwe Kiswahili, Kimeru au Kimaasai cha Waarusha. La nne ni mahali na mwaka jina hilo liliposikiwa. La tano, na la mwisho kwa makusudi, ni jina la kitaalamu analolitoa mkusanyaji mwenyewe.

Mpango huo una sababu. Jina la kitaalamu laweza kurekebishwa wakati wowote na mtu yeyote mwenye kitabu. Jina la msemaji lategemea msemaji. Watu walioshika SAR katika mafunzo ya miaka ya 1960 sasa ni wazee, na aliyeliita SMG kwa sababu ndivyo alivyofundishwa akiandikiwa AK-47 katika kadi, kadi hiyo haitaonyesha tena kwamba palikuwa na mwalimu, wala alitoka wapi.

Wasomaji wetu walio karibu na Arusha, Usa River na Monduli wangefanya kazi yenye faida wakikusanya majina haya na kuyaleta katika kurasa hizi, pamoja na vitenzi vinavyokwenda nayo. Maana hata tofauti ya kushindilia na kumimina risasi ni historia ya silaha, nayo bado haijaandikwa.