Samaki wakifa ghafla kidimbwini, saa waliyokufa ndiyo dalili ya kwanza

Mfugaji analala samaki wakiwa wazima, anaamka alfajiri na kuwakuta wakielea matumbo juu, maji yakiwa mazito na yenye rangi asiyoizoea. Wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu ametia sumu. Mara nyingi jirani hana hatia. Kilichoua samaki ni ukosefu wa oksijeni, na chanzo chake kimo humo humo kidimbwini.

Maji ya kidimbwi cha ngege yanafaa kuwa na ukijani kiasi. Ukijani huo ni mwani, yaani mimea midogo sana inayoelea majini. Mchana mwani hutumia mwangaza wa jua kutengeneza oksijeni. Usiku kazi hiyo husimama, na mwani wenyewe huanza kuivuta oksijeni pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula na samadi. Oksijeni hivyo hupungua usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na macheo. Mwani ukizidi, au mawingu yakitanda siku mbili tatu mfululizo, akiba huisha kabla ya asubuhi. Hatari kubwa zaidi ni mwani kufa wote kwa pamoja. Maji hubadilika kutoka kijani hadi kahawia au kijivu na kuanza kunuka.

Ndiyo maana swali la kwanza ni samaki walikufa saa ngapi, na la pili ni wepi waliokufa. Vifo vya oksijeni hutokea alfajiri na huanza na samaki wakubwa. Waliosalia huonekana wakitweta juu ya maji, hasa karibu na paipu ya kuingizia maji. Kambare walio kidimbwi hicho hicho kwa kawaida hupona, kwa kuwa wanaweza kuvuta hewa ya juu. Sumu kali haichagui hivyo: wadogo kwa wakubwa, vyura na hata wadudu wa majini hufa saa yoyote, hasa baada ya shamba la juu kunyunyiziwa dawa na mvua kuisomba. Ugonjwa nao kwa kawaida huanza na wachache kila siku, wengine wakiwa na vidonda.

Maji ya rangi ya udongo baada ya mvua ni jambo jingine. Hapo mtaro wa kukinga maji ya mvua umeziba au haukuchimbwa, lakini matope peke yake ni nadra kuua samaki wakubwa kwa usiku mmoja.

Kipimo cha mwani hakihitaji mashine. Mfugaji huzamisha mkono ulionyooka hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, mwani ni wa kadiri. Kikipotea maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, mwani umezidi na samadi isiongezwe.

Samaki wakianza kutweta, chakula kisimamishwe siku hiyo. Maji machafu ya chini yatolewe na mapya yaingizwe. Asiye na pampu anaweza kuteka kwa ndoo na kuyamwaga tena kidimbwini kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Ni kazi ya kuchosha, lakini huokoa samaki.

Idadi ya samaki nayo ina uzito. Vidimbwi vilivyochimbwa chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi, ulioanza 2009, vilikuwa vya mita 300 mraba na viliwekwa vifaranga 1,000. Anayeweka mara mbili ya hao bila kifaa cha kuongeza hewa anajitafutia hasara.

Kwa wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya vioo nyumbani, maji meupe kama ya mchele katika tangi jipya huashiria mabaki ya chakula yanayooza na kutoa amonia. Maji ya mfereji nayo yana klorini, ambayo hupungua yakiachwa wazi kwenye beseni siku nzima.

Samaki waliokufa hivyo wasiliwe wala kuuzwa, bali wazikwe mbali na maji. Anayeshuku sumu ateke maji kwa chupa safi kabla ya kufungulia mapya, kisha ayapeleke siku hiyo hiyo kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo pamoja na samaki anayekaribia kufa, akiwa kwenye barafu. Samaki aliyeoza hapimiki.