Maneno ya Sifa katika Kiitaliano

Ndugu wafanyakazi, huko Italia lipo shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi liitwalo CGIL, yaani Confederazione Generale Italiana del Lavoro. Jina confederazione, shirikisho, ni la kike, ndiyo maana likaandikwa Italiana wala si Italiano. Kwa Kiitaliano kila jina ni la kiume au la kike, hata jina la nyundo, na neno la sifa hulifuata, kama sisi tusemavyo kiti kizuri, viti vizuri. Ila sisi twabadilisha kichwa cha neno. Wao hubadilisha mkia.

Sifa ya kiume yenye -o huwa na -i katika wingi: contratto collettivo, mkataba wa pamoja, contratti collettivi, mikataba. Ya kike yenye -a hupata -e: ora straordinaria, saa ya ziada; ore straordinarie, saa za ziada. Yenye -e haibagui, wingi wake ni -i kwa wote: contratti nazionali, leggi nazionali, mikataba ya taifa, sheria za taifa.

Mkia huo si jambo dogo kwa Waafrika wengi wanaochuma nyanya katika mashamba ya kusini ya Italia. Kibarua huitwa bracciante, mume au mke, na wingi ni braccianti. Kichwa cha tangazo kikisema braccianti agricole, ni vibarua wa shamba wanawake peke yao. Kikisema braccianti agricoli, ni wanaume, au wote pamoja. Wanawake mia wakichanganyika na mwanamume mmoja, sarufi humfuata yeye! Haki iko wapi, sijui, lakini ndivyo isemwavyo.

Kwa kawaida sifa huja nyuma ya jina, kama kwetu. Vuli ya mwaka 1969, migomo ilipopamba moto viwandani kwa ajili ya mikataba mipya, iliitwa autunno caldo, vuli ya moto. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria nambari 300 ya haki za wafanyakazi. Lakini sifa nyingine zikitangulia hugeuka maana. Vecchio compagno ni mwenzetu wa siku nyingi. Compagno vecchio ni mwenzetu aliyezeeka. Povero operaio ni mfanyakazi wa kuhurumiwa, hata kama mfuko umejaa; operaio povero hana senti.

Chache hazibadiliki kabisa. Wafanyakazi wa viwandani huitwa tute blu, ovaroli za buluu. Iwe ovaroli moja, tuta blu, au elfu, blu hubaki blu.